Trilioni Moja na Moja

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Omuse kwao Angurai. Nilikuwa nimeketi chini ya hema la pili, nikimsikiliza mzee wa ukoo akieleza kwa Kiteso mambo ambayo sikuyaelewa yote, ndipo mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi akavuta kiti cha plastiki, akaketi ubavuni mwangu, akanitazama uso mzima, kisha akasema, "Nabwire, kumbe na wewe umezeeka hivi?" Alikuwa Amoding. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulishikana mikono tukacheka kwa namna isiyofaa msibani, mpaka mama mmoja aliyekuwa mbele akageuka kututazama. Baadaye, tulipokuwa tukila wali na nyama nyuma ya nyumba, binti wa marehemu alituuliza tulimjua baba yake vipi. Amoding akaweka sahani chini. "Alitufundisha hesabu Malaba," akasema. "Si aliwaambia habari ya ile namba ya Busia?" Binti akatikisa kichwa. Hakuwa amewaambia. Mwalimu hakuwa mtu wa kujipigia ngoma, na mimi mwenyewe, niliyefundisha hesabu maisha yangu yote kwa sababu ya mwaka ule, sikuwa nimewahi kuusimulia kwa ukamilifu. Niliporudi Nambale jioni ile nilitoa daftari nikaanza.

Mwaka wenyewe ulianza kwa maji. Mto Nzoia ulivunja kingo, shule yetu ya Rukala ikageuka bwawa, na nikapelekwa Malaba kwa shangazi yangu, Senge Taaka, ili nisome kidato cha tatu huko. Senge alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, pale malori yaliposimama foleni yakisubiri kuvuka kuingia Uganda. Chumba cha mbele kilikuwa na meza nne ndefu zenye vitambaa vya plastiki vya maua, na cha nyuma, kilichokuwa jiko, ghala na chumba changu cha kulala kwa pamoja, kilinuka unga, mafuta ya taa na samaki mkavu. Hata leo nikisikia harufu ya dizeli asubuhi naona njaa, kwa sababu enzi hizo dizeli na chapati za kwanza zilifika puani mwangu pamoja. Madereva walikula wakizungumza Kiswahili cha kila aina. Wa Kampala waliita ugali posho na kumwita Senge nyabo, yaani mama. Wa Mombasa walilalamika kwamba chai haina tangawizi. Senge aliwajibu wote kwa sauti ileile moja, mwiko mkononi: "Kama hutaki, boss, jikoni kuna nafasi, njoo upike."

Ukuta uliotenganisha jiko na uwanja wa jirani ulikuwa bati moja tu, na bati halina siri. Wiki ya pili tangu nifike nilimsikia Senge akimwambia jirani yake, wakichambua mboga nje, "Huyu mtoto wa kaka yangu amalize tu mwaka huu. Mwaka ujao aingie jikoni na mimi. Kusoma kumemtosha, na mimi mgongo umechoka." Jirani akasema hayo ni maneno ya busara. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya beseni nikikanda unga. Hakuna aliyenieleza jambo hilo ana kwa ana, nami sikuuliza. Niliendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu, Senge akaingia akauona, akasema, "Wewe, unataka kuwavunja watu meno?" Sasa ninapokumbuka najua hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesimama mbele ya moto tangu ujana wake, na mimi nilikuwa jozi ya mikono iliyoletwa na mafuriko. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, na usiku ule nilihisi kwamba mlango umefungwa nami nikiwa ndani.

Shule niliyopokelewa ilikuwa ya kutwa, mpya, madirisha bila vioo, na wanafunzi wake walijulikana Busia nzima kwa kushindwa. Mwalimu Omuse alikuwa kijana mwembamba, shati moja la samawati, sauti ndogo. Siku yangu ya kwanza aliandika ubaoni kumi na moja mara kumi na moja, 121. Kisha mia moja kumi na moja mara yenyewe, 12321. Kisha akaweka chaki chini. "Zinasomeka vilevile ukitoka kushoto au kulia," akasema. "Endeleeni nyumbani, mniambie mlichokiona." Niliendelea. Baada ya wateja wa mchana kuondoka nilipasua mfuko wa unga, nikautandaza mezani upande wa ndani, kwa maana daftari langu lilikuwa jembamba mno, nikazidisha. Moja nne mara zenyewe, kisha moja tano, moja sita. Nilipofika moja tisa nilipata 12345678987654321, nikaketi nikaitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga. Inapanda mpaka tisa, inashuka mpaka moja, bila kosa. Nilikuwa na uhakika kwamba itaendelea hivyo milele, nikazidisha moja kumi. Nikapata 1234567900987654321. Nikarudia. Nikapata hiyohiyo. Upande mmoja haukufanana tena na mwingine, nami, sitaficha, nililia.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu mfuko ule. Aliusoma wote, akatabasamu. "Namba haijakudanganya," akasema. "Uliona tisa ukadhani umeziona zote. Sasa kaniambie kwa nini imevunjika." Msichana aliyekaa dawati la nyuma, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasema kabla sijajibu, "Ni kwa sababu katikati inatakiwa kuwa kumi, mwalimu. Kumi haikai kwenye nafasi ya tarakimu moja. Lazima moja ihamie kwa jirani wa kushoto, na ikihama inavuruga upande huo peke yake." Huyo ndiye Amoding. Nilimchukia kwa dakika tano hivi, halafu tukawa marafiki.

Alianza kuja hotelini baada ya shule. Tuliosha sahani pamoja, kisha tukaketi meza ya mwisho na mifuko yetu ya unga. Namba zile tuliziita za kwenda na kurudi. Tuligundua kwamba ikiwa tarakimu zake ni mbili, nne, sita, idadi yoyote ya shufwa, basi lazima igawanyike kwa kumi na moja bila kubakiza kitu. Amoding aliugeuza ugunduzi huo kuwa burudani. Alimwendea dereva mmoja wa Kampala aliyekuwa akila matoke. "Boss, nipe tarakimu tatu zozote." Dereva akasema nne, sifuri, saba. Amoding akaandika 407704. "Hiyo inagawanyika kwa kumi na moja. Nakuapia." Dereva akafuta vidole, akachomoa kalamu, akagawanya nyuma ya karatasi ya mzigo wake, taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho aliruka. "Banange! Ni kweli!" Akaita wenzake. Siku ile Senge alitoka jikoni kuona ni nani anapigana, akatukuta tumezungukwa na madereva saba, kila mmoja na tarakimu zake. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yake.

Zile zenye tarakimu za witiri, tatu, tano, saba, ndizo zilizotusumbua. Mwalimu Omuse alikuwa ametufundisha kwamba namba isiyogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe, Waingereza huiita prime, Kiswahili husema namba tasa, kwa sababu haizai. Tukachukua zile nyepesi kuliko zote kuandika: moja, sifuri katikati, moja. 101 ni tasa, hiyo tuliimaliza haraka. 1001 si tasa. Lakini 10001? Tuligawana zamu. Amoding aligawanya kwa tatu, saba, kumi na moja. Mimi kumi na tatu, kumi na saba. Kila mara kitu kilibaki. Tulipanda alasiri baada ya alasiri. Kwa sitini na saba ilibaki kumi na nane. Kwa sabini na moja ilibaki sitini na moja. Nikatupa kalamu. "Ni tasa," nikasema. "Tumejaribu ishirini." Amoding alikuwa akimenya kiazi. "Zimebaki tano tu kabla ya mia na moja, na hiyo mara yenyewe inaipita. Jaribu moja." Nikajaribu sabini na tatu kwa hasira. Haikubakiza kitu. Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Tulipiga kelele mpaka paka wa jirani akakimbia.

Baada ya hapo niliona jambo lingine, na hili nililiona peke yangu, nikitoka kisimani. 11 huingia ndani ya 1001. 101 huingia ndani ya 1000001. Ukihesabu nafasi ambazo ile moja ya mbele imesogea, na ukazisogeza mara tatu, namba ndogo huingia ndani ya kubwa. Nilimwambia mwalimu. Aliniuliza tena lile swali lake, kwa nini, na safari hii nilichukua wiki mbili kulijibu. Siku hiyo nami nilimwuliza kama kuna namba kubwa kuliko akili, naye akaendelea kufuta ubao.

Muhula wa tatu likaja tangazo la mashindano ya hesabu ya shule za Busia, kila shule wanafunzi wawili. Mkuu wetu wa shule hakutaka tushiriki. Nilimsikia ofisini, nikiwa nimesubiri na daftari za darasa mlangoni, akimwambia Mwalimu Omuse, "Unataka tuchekwe? Na mbona ni wasichana wawili? Na mmoja ni mgeni wa mafuriko, mwakani hatakuwepo." Mwalimu Omuse, kwa sauti yake ile ndogo, akajibu, "Mzee, tukichekwa nitaandika barua ya kuacha kazi. Lakini waache waende." Niliingia nikazitua daftari zile mezani. Kumbe hata yeye alikuwa ameweka kitu juu ya meza, kazi yake.

Mashindano yalifanyika mjini Busia, katika ukumbi wa shule kongwe ya bweni ya wavulana. Walikuwa na makoti, na viatu vyao viling'aa. Sisi tulikuwa na sweta zilizofumuka viwikoni. Wazazi walialikwa, na kwa ajili yao mshereheshaji alitafsiri kila kitu kwa Kiswahili. Nilipogeuka nyuma nilimwona Senge Taaka, kitambaa cha kanisani kichwani, mkoba magotini. Alikuwa amefunga hoteli. Tangu niifahamu hoteli ile sikuwa nimeiona imefungwa siku ya kazi, hata alipougua. Sikujua kama niogope au nifurahi.

Maswali ya kuandika yaliondoa shule sita. Tukabaki sisi na wenyeji, alama sawa, swali moja ubaoni. Jaji alikuwa bwana mmoja wa chuo kikuu aliyealikwa, miwani mizito, mtaratibu. Aliandika 1000000000001. "Trilioni moja na moja," akasema. "Je, ni tasa au si tasa? Dakika tano."

Niliwaona wavulana wakianza kugawanya, kalamu zikikimbia. Hila yetu ya kumi na moja haikufaa, kwa sababu tarakimu zilikuwa kumi na tatu. Mimi sikugawanya. Nilihesabu nafasi. Moja ya mbele ilikuwa imesogea nafasi kumi na mbili. Nne, na nne, na nne. Nilimnong'oneza Amoding, "Ni nne mara tatu. Ile yetu, 10001, imo humo ndani." Alinitazama, akahesabu sifuri kwa ncha ya kidole, akaandika kwa herufi kubwa: SI TASA.

Wavulana wa wenyeji walijibu kwamba ni tasa. Jaji akatazama karatasi yake. "Jibu sahihi," akasema, "ni tasa." Mshereheshaji akalirudia kwa furaha, ni tasa, ni tasa, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mkuu wetu wa shule akainuka akatafuta kofia yake. Mwalimu Omuse alibaki ameketi. Hakunipa ishara yoyote. Alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ya ule mfuko wa unga.

"Simama," Amoding akasema.

"Nitasema nini?"

"Sema sabini na tatu."

Nilisimama. Magoti yangu hayakuwa yangu. Makofi yalipungua polepole, watu wakidhani nataka kutoa shukrani.

"Dada, matokeo yametangazwa," mshereheshaji akaniambia.

"Naomba chaki," nikasema.

Kulikuwa na kicheko upande wa makoti. Jaji aliinua mkono wake, kikaisha. Sijui ni nini alichokiona usoni mwangu. Alinyoosha chaki, nami nikatembea mpaka mbele, mwendo mrefu kuliko wote niliowahi kutembea, nikaandika 73 kando ya namba yake, nikaanza kugawanya mbele ya watu wote, nikisema kila hatua kwa sauti. Mia moja, moja, inabaki ishirini na saba. Mia mbili sabini, tatu, inabaki hamsini na moja. Nilipofika mahali ilipobaki sabini na mbili, moja tu pungufu, nilisikia mtu akivuta pumzi. Niliendelea. Chaki ilivunjika, nikaendelea na kipande. Ukumbi ukaanza kuhesabu nami, kwanza sauti mbili tatu, halafu safu nzima. Ikabaki tarakimu ya mwisho, ile moja ya mkiani. Nikaishusha. Mia tano na kumi na moja.

Nilisita. Nilijua, lakini mkono ulisita. Na aliyesema hakuwa mtu wetu. Alikuwa yule mvulana mrefu wa timu ya wenyeji, aliyekuwa amesimama bila kujijua. "Ni saba," akasema. "Sabini na tatu mara saba. Haibaki kitu!"

Niliandika saba. Niliandika sifuri.

Jaji alikuja ubaoni, akalitazama jibu langu, 13698630137, akalizidisha mwenyewe kwa sabini na tatu, polepole. Zile sifuri zake zikajipanga moja baada ya nyingine mpaka ile moja ya mbele ikatokea. Akageuka. "Mbona ulichagua sabini na tatu?"

"Sikuichagua, mwalimu. Elfu kumi imepungukiwa na moja tu kufika 10001. Kwa hiyo ukigawanya kwa 10001, elfu kumi ni kama kutoa moja. Trilioni ni elfu kumi mara tatu kwa kuzidishana, na kutoa moja ikijizidisha yenyewe mara tatu hubaki kutoa moja. Ukiongeza ile moja ya mwisho unapata sifuri. Basi 10001 imo ndani. Na 10001 tuliipasua sisi wenyewe, mimi na Amoding. Ni sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba."

Alivua miwani. "Swali hili nililinakili mahali," aliuambia ukumbi, "na jibu lake pia. Sikulihakiki. Huyu binti amelihakiki." Akachukua kalamu nyekundu, akakata mstari kwenye karatasi yake mbele yetu, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, kisha nikamtajia za Amoding, naye akaziandika zote. Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande: Amoding akinibeba mgongoni kama gunia, yule mvulana mrefu akinipa mkono, mkuu wetu wa shule akiwaeleza watu kwamba alijua tangu mwanzo. Mwalimu Omuse alisubiri kila mtu amalize. Kisha akaja akasema, "Siku ile uliniuliza kama kuna namba kubwa kuliko akili. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Bado sijui. Lakini leo si siku ya kuitafuta." Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Tulirudi Malaba mimi na Senge jua likiwa bado juu. Njia nzima aliubana mkoba kifuani, nami nikaanza kuogopa tena. Tulipofika alifungua kufuli, akaingia jikoni, akavua kitambaa cha kanisani, akakikunja mara nne. Ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo.

"Yule mtu alipokuwa anasema tasa, tasa, na watu wanapiga makofi, nilitaka kutoka nje. Unajua nimeitwa neno hilo miaka mingapi? Kwa mume wangu waliniita hivyo mpaka nikaondoka. Hakuna aliyesimama. Hata mimi mwenyewe sikusimama." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu. "Na wewe na miguu yako hiyo inatetemeka, ukaomba chaki."

Katika lugha yetu nilimwita mama, si senge, na alinishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya sabuni ya sikukuu.

"Mwaka ujao utaingia kidato cha nne," akasema. "Na baada ya hapo utaenda mbele mpaka namba ziishe. Jikoni nitatafuta mtu. Sasa niambie tena, polepole. Ile namba kubwa inagawanyika kwa ngapi?"

"Kwa sabini na tatu."

Akarudia chini kwa chini, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akachukua mwiko, akatoka, akasimama katikati ya barabara mbele ya malori yaliyojipanga kuelekea Uganda, akaunyanyua mwiko juu, akapaza sauti ile iliyonyamazisha madereva wa nchi tano: "Wameniambia haigawanyiki! Mtoto wangu ameigawanya!"

Hakuna dereva aliyejua anazungumzia nini. Lakini wa mbele alimwona alivyosimama, akacheka, akapiga honi. Wa pili akaitikia, na wa tatu, na honi zikapokezana lori kwa lori mpaka mpakani, zikavuka.